Atakayetikisika Hatoki

Picha yenyewe ipo mpaka leo. Imetundikwa katika chumba cha chama chetu cha wafumaji, juu ya jiko la makaa, na moshi umeigeuza rangi ikawa kama chai iliyokaa. Mgeni akiingia huitazama, kisha huuliza swali lilelile: hawa watatu ni akina nani, na ule ukungu nyuma yao ni wa nini?

Ule ukungu ni sisi. Wale watatu nitawataja kwa majina, maana wote wamekwisha kufa na wamelazwa chini ya mawe mazuri yaliyochongwa uongo. Uongo wa jiwe usipojibiwa mapema, wajukuu huja wakauita historia.

Aliyekaa kitini katikati, mwenye pua iliyopakwa unga, ni tajiri Balgarnie, mwenye kiwanda cha magunia hapa hapa mjini Dundee. Kulia kwake ni Soutar, nyapara wake. Kushoto ni Kirsty Yule, mfumaji mwenzetu, aliyekuwa akisali kwa sauti Jumapili na kupeleka maneno ofisini Jumatatu.

Mwaka ule, katikati ya baridi, Balgarnie alitukata mshahara. Alisema biashara ni mbaya. Ilikuwa mbaya kiasi cha yeye kujenga nyumba ya pili kando ya mto, yenye minara kama keki ya harusi. Tukagoma. Tulitoka mchana kweupe tukipiga masufuria barabarani, na waume zetu wakatoka milangoni na watoto mikononi kutushangilia. Katika mji huu mwanamume akifikia umri wa kudai mshahara wa mtu mzima hufukuzwa kiwandani, kazi akapewa mkewe kwa nusu yake, na yeye akabaki nyumbani kuchemsha birika. Wanaume wetu walikuwa wachemsha birika hodari, na siku ile walishangilia kwa vifuniko vya mabirika hayo. Balgarnie akasalimu amri, akarudisha alichokata.

Tajiri akishindwa hasahau. Simlaumu kwa hilo, mimi pia sisahau. Alitaka kumjua aliyewasha moto, na hapo ndipo alipogonga ukuta. Ndani ya jumba la kufumia, mashine zikianza kugonga, hata radi ingepiga usingeisikia. Kwa hiyo sisi wafumaji huongea kwa uso. Neno tunalivuta kwa midomo, tunalisukuma kwa nyusi, tunalimalizia kwa mabega na vidole, mpaka lionekane upande wa pili wa jumba. Soutar aliweza kusimama katikati yetu mikono nyuma, nasi tukapanga mgomo mzima mbele ya macho yake, akaondoka akiwaambia wakubwa kwamba wanawake wametulia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wangefika kwetu wangeongeza kwamba na mshindo mkuu una maneno yake ndani.

Aliyewasha moto alikuwa Phemie Gellatly, mwanamke mrefu, mwembamba kama ufito, mwenye mdomo ambao hata kwenye giza ungeusoma. Hapo kabla alifukuzwa katika mji wa Arbroath kwa kosa hilohilo, akafukuzwa tena kule Forfar. Matajiri wana desturi ya kupelekeana majina, na Phemie alikuwa na desturi ya kubadili majina. Kwetu alikuwa Gellatly. Forfar alikuwa Duthie. Arbroath, alisema, alikuwa na jina zuri kuliko yote lakini amelisahau. Alikuwa na mama asiyeona na mabinti wawili, wote katika chumba kimoja.

"Leezie," aliniambia siku moja, "hapa wakinifungia mlango kimebaki kiwanda cha Aberdeen. Na baada ya Aberdeen, shoga yangu, ni maji tu."

Jina hubadilika. Uso je? Hilo ndilo Balgarnie alilolifikiria kiangazi kizima. Akili ni nywele, nazo zake zilikuwa zimebaki masikioni tu, lakini mara hii zilimtosha.

Mwisho wa kiangazi Soutar akatutangazia kwamba bwana mkubwa, kwa mapenzi yake, anatupa zawadi. Kiwanda kinatimiza miaka thelathini. Tutapigwa picha sote uani, bure, na kila mmoja atapewa mkate mtamu wa zabibu. Kirsty alilia machozi. Sisi wengine tulitazamana. Balgarnie hakuwahi kutupa bure chochote isipokuwa kikohozi.

Hata hivyo tulivaa. Nani asingevaa? Wengi wetu hatukuwahi kupigwa picha tangu kuzaliwa. Mwenye shali nzuri alikuja nayo, asiye nayo akaazima ya jirani, na mama mmoja alikuja na kofia ya maziko yenye manyoya ya kunguru.

Mpiga picha alikuwa bwana Torquil Leask. Alifika na mkokoteni uliojaa masanduku ya vioo na chupa, akasimamisha hema jeusi karibu na bomba la maji. Alikuwa na tai kubwa ya hariri, na vidole vyeusi kama vya mtu aliyekuwa akichambua makaa, maana ile dawa ya fedha wanayotumia huchoma ngozi na haitoki kwa sabuni. Mkewe, Bethia, alikuwa mweusi mpaka karibu na viwiko, na kwa hilo tu ulijua ni nani hasa aliyekuwa akifanya kazi ndani ya hema. Bethia tulimjua. Kabla ya kuolewa alifuma magunia pamoja na dada yangu.

Leask akapanda juu ya sanduku. "Akina mama! Sanaa hii haina mchezo. Kioo nakipaka dawa sasa hivi, nakitosa katika maji ya fedha, nakileta kikiwa kibichi. Kikikauka kimekufa. Nikifungua jicho la kamera, msipumue! Yeyote atakayetikisika, hatoki."

"Hatoki aende wapi?" Phemie akauliza.

"Hatoki kwenye picha, mama. Anayetikisika huwa moshi. Nilimpiga askari amesimama na farasi wake. Farasi akatingisha kichwa. Mpaka leo yule askari ana picha ya farasi asiye na kichwa, na ananidai."

Tukacheka. Leask akapita mbele yetu akitukagua.

"Na rangi nazo zina ukaidi wake. Buluu hutoka nyeupe, nyekundu hutoka nyeusi. Wewe, mama, mwenye madoadoa..."

"Madoadoa yangu yana nini?" nikamuuliza. Nywele zangu wakati huo zilikuwa nyekundu, na uso umejaa madoa kama yai la kware.

"Yatatoka kama umerushiwa lami."

"Usijali, bwana," Phemie akadakia. "Amezoea. Soutar akiongea naye humrushia mate hivyohivyo."

Soutar akafura. Alikuwa mtu mwenye ndevu nyekundu, na nadhani habari ya rangi nyekundu ilikuwa imemwingia.

Leask akatoa vyuma vitatu. Kila kimoja kilikuwa fimbo ya chuma yenye msingi mzito na koleo juu. Kinasimamishwa nyuma ya mtu, lile koleo linamkamata kisogo, na hapo hata akipiga chafya kichwa hakiendi popote.

"Ninavyo vitatu tu," akasema. "Bwana mkubwa, niwawekee nani?"

Balgarnie alikuwa amesimama pembeni, mikono tumboni. Hakuwa na nia ya kuingia kwenye picha. Soutar akamnong'oneza, naye akanyoosha kidole: "Yule mrefu. Yule mwenye madoa. Na yule mwenye manyoya ya kunguru."

Wanawake watatu waliosema sana wakati wa mgomo, aliowashuku kuliko wote. Nikasikia baridi mgongoni kabla chuma hakijanigusa.

Leask akaingia hemani kuandaa kioo. Balgarnie na Soutar wakaingia ofisini, wakafunga mlango, wakasimama nyuma ya dirisha kubwa kutuangalia. Tajiri yule alikuwa amemiliki wafumaji miaka thelathini na hakujua kwamba kwetu sisi dirisha lililofungwa ni sawa na mlango wazi. Akafungua mdomo, na uani wanawake wote wakamsoma, isipokuwa Kirsty, aliyekuwa amefumba macho katika sala ndefu ya kuishukuru mikate.

"Majina yao ni kama upepo," alisema Balgarnie nyuma ya kioo. "Nyuso hazibadiliki. Kadi za kubandikia nimekwisha kuzichapisha. Chini zimeandikwa: Wanaoonekana humu wasipewe kazi. Leask atatoa nakala na kuzituma yeye mwenyewe kwa kila bawabu wa kiwanda kuanzia hapa mpaka Aberdeen. Kisha namfukuza yule mrefu na wenzake. Hao wengine nawakata nusu ya mshahara, na nione watakwenda wapi."

"Na wale wasio na hatia, bwana?" Midomo ya Soutar ilikuwa migumu kusomeka kwa ajili ya ndevu, lakini tuliipata.

"Kirsty atawaombea."

 Nilimtazama Phemie. Alikuwa amekuwa mweupe kama kitambaa, na niliona midomo yake ikitamka jina la mama yake. Kwenye mlango wa hema alikuwa amesimama Bethia na chupa mkononi. Naye alikuwa akilitazama dirisha lilelile.

Tungeweza kuondoka. Mimi nilikuwa wa kwanza kugeuka. Phemie akanishika mkono, akaniambia kwa midomo: Tukikimbia leo atatupiga picha kesho, mmoja mmoja, kila mtu mbele ya mashine yake. Tulia. Umesikia alichosema yule mwenye tai? Kisha akageuza uso kwa wengine, akavuta neno moja kubwa lililopita uani kote kama shuka linalotandikwa: Tikisikeni.

Lakini shingo yake na yangu zilikuwa zinangojewa na koleo. Balgarnie na Soutar walipotoka nje, Phemie akawaendea, akapiga goti kidogo kama mtumishi wa nyumba kubwa.

"Bwana mkubwa, samahani. Sisi tunaona aibu."

"Aibu ya nini, mwanangu?"

"Kupewa hivi vyuma vya heshima, wakati wewe mwenyewe umesimama pembeni kama mdai. Hii sherehe ni ya nani? Picha ya kiwanda bila wewe ni harusi bila bwana harusi."

"Vyuma vya heshima?" Balgarnie akauliza.

"Kwani hujui, bwana? Malkia mwenyewe hapigwi picha bila chuma. Mtu wa hivihivi husimama kwa miguu yake."

Leask alikuwa ndiyo kwanza ametoa kichwa hemani. Kweli ilikuwa ni kwamba alimpiga picha mtu yeyote kwa chuma, hata wauza samaki. Lakini alisikia neno Malkia, akanyoosha tai. "Ni... ndiyo. Watukufu wote niliopata kuwapiga, bwana, walitumia chuma."

"Basi na mimi nataka!" Kirsty Yule akapenya katikati. "Mimi ndiye niliyewaombea wote hawa. Eti yule mwenye madoa apewe, mimi nisimame hivihivi?"

"Mpe dada Kirsty changu," nikasema. Sijawahi kutoa kitu kwa moyo mweupe kama siku ile.

Soutar, nampa haki yake, alikuwa na chembe ya akili. Akasogea sikioni kwa bwana wake. "Lakini bwana... zile kadi..."

"Mjinga wewe! Nani atanidhania mimi ni mfumaji?" Balgarnie akakaa kitini, akavuta koti. "Simama hapa kuliani, uvae chuma, uache kunung'unika."

Koleo likamshika kila mmoja nyuma ya kichwa. Leask akazikaza skrubu. Kisha akamwinamia Balgarnie na kushusha sauti, ingawa hapakuwa na haja, kwa kuwa tulimsoma.

"Bwana mkubwa, kuna jambo dogo. Ile habari ya nyekundu kutoka nyeusi."

"Ndiyo?"

"Pua yako, bwana. Ni... ina afya nyingi."

Pua ya Balgarnie ilikuwa imegharimu wiski ya miaka mingi. Kikaletwa kisahani cha unga kutoka kwenye mikate, Leask akaipaka kwa brashi, akarudi nyuma, akatazama, akaipaka tena.

Tukajipanga nyuma yao. Nyuma yao, zingatia. Watatu wale hawakuweza kugeuza shingo hata wangetaka, na Leask, akiisha kutoa kifuniko cha lenzi, macho yake hayakuwa kwetu. Yalikuwa kwenye saa yake ya mfukoni. Alikuwa mtu anayeamini kwamba utulivu husikika, kwa hiyo alitega sikio.

Hakusikia kitu. Nasi tuliongea kama hatujawahi kuongea.

Mungu wangu, mazungumzo yale! Uani kwenye mwanga, bila mashine, wanawake wote wa kiwanda kwa pamoja, nyusi juu, mashavu yakivutwa, vichwa vikienda huku na huku, vidole vikiruka. Tuliijadili pua, tukajadili kama unga ule utafutwa au utakandwa na kuokwa. Mama wa manyoya ya kunguru aliigiza Kirsty akisali. Phemie alisimama nyuma kabisa ya kiti cha Balgarnie, akimtolea hotuba kisogoni, hotuba yote, mishahara, kikohozi, minara ya keki, na mkono wake ukipanda na kushuka juu ya kipara kile kama wa mchungaji anayebariki mtoto. Haikutoka sauti hata ya kwikwi. Mimi nilijiuma ulimi mpaka damu.

"Vizuri sana!" Leask akasema macho kwenye saa. "Kimya kizuri! Sijapata kuona watu watulivu namna hii!"

Akafunika lenzi, akachomoa kioo na kukimbia nacho hemani. Bethia akaniita nimletee ndoo ya maji, upesi, kabla kioo hakijakauka.

Ndani mlikuwa na dirisha dogo la kitambaa cha manjano, na harufu ya dawa ya etha iliyonipanda kichwani. Bethia akakishika kioo kwa vidole vyake vyeusi, akakimwagia dawa kwa mkupuo mmoja, ikatanda bila kuvuka ukingo hata tone. Akangoja. Akasema "maji", nikamimina. Kisha akakitia katika ile sumu yenye harufu ya lozi, utando wa maziwamaziwa uliokuwa juu ya kioo ukaanza kuyeyuka, na akakiweka juu ya mkono wake wa gauni jeusi ili giza na mwanga, ambavyo kwenye kioo hutoka kinyume, virudi mahali pake.

Balgarnie akatokea. Ungehesabu vifungo vyake. Soutar akatokea, ndevu nyeusi kama za jambazi wa milimani. Kirsty akatokea, macho mbinguni. Nyuma yao matofali ya ukuta yalionekana moja moja, na kati ya matofali na wale watatu palikuwa na moshi wenye mashali.

Leask akashika paji la uso. "Wako wapi? Bethia, wako wapi? Walikuwa wametulia, nilisikia mwenyewe!"

"Labda dawa imezeeka," Bethia akasema. Hakuniangalia.

"Tunarudia! Paka kioo kingine."

"Kwa jua lipi, mume wangu?" Akainua pindo la hema. Moshi wa viwanda vyote vya mji ulikuwa umefunika anga, kama kila siku saa ile. Na nje Balgarnie alikuwa akipiga kelele afunguliwe, ana treni ya kuwahi, anakwenda milimani kuwinda ndege.

"Leask! Imetoka au haikutoka?"

Leask alinitazama, akamtazama mkewe, akakitazama kioo. Alikuwa ameahidiwa kuipiga picha familia nzima ya Balgarnie. Bethia akanyoosha shingo nje ya hema.

"Imetoka, bwana mkubwa! Nyuso zote za maana zimetoka."

"Basi toa nakala, bandika kwenye zile kadi, tuma. Msinisubiri." Akaenda zake na unga puani.

Wiki ile jua likawaka kama limetumwa. Bethia alizichapa nakala zote kwa mwanga huo juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai, akazibandika kadi kwa kadi, akazituma kila mahali alipoagizwa. Amri ni amri.

Balgarnie alirudi kutoka milimani, akaenda moja kwa moja Forfar kununua mashine. Wafumaji wa kule waliyaona yote kutoka madirishani, na wafumaji wakiona wamesikia, kwa hiyo nayajua neno kwa neno. Bawabu alikuwa mzee mmoja aliyeambiwa kwamba akimpitisha hata mmoja wa kwenye kadi, kazi yake imekwisha. Akaitoa kadi, akamtazama tajiri, akaitazama kadi.

"Ni wewe."

"Bila shaka ni mimi! Mimi ni Balgarnie!"

"Majina hubadilika," yule mzee akasema. "Imeandikwa hapa usipewe kazi."

"Sitaki kazi, punguani wewe! Mimi sijafanya kazi maisha yangu yote!"

"Hilo ndilo wanalolisema kuwahusu ninyi wachochezi. Na hiyo pua umeipaka nini? Kwenye picha ni nyeupe."

Alimsimamisha kwenye mvua mpaka tajiri mwenzake alipokuja kutoka kwenye chakula. Kadi zikaitwa zirudi. Lakini nani anarudisha kadi? Mabawabu walikuwa wamekwisha kuzigongomelea ukutani.

Balgarnie akamfukuza Soutar kwa hasira. Soutar alizunguka kutafuta kazi Arbroath, Montrose, Brechin, na kila lango alilofika, zile ndevu nyeusi zilikuwa zimefika kabla yake. Aliishia nyumbani. Mkewe akaajiriwa kiwandani kwetu, na nasikia birika alilichemsha vizuri sana.

Sitaki mtu adhani tulishinda kila kitu. Balgarnie hakuthubutu kutukata mshahara tena, maana picha ilikuwa kichekesho cha mji. Lakini theluji ilipoanguka alimfukuza Phemie, bila sababu yoyote. Phemie akafunga mizigo yake, akamshika mama yake mkono, akapanda treni ya Aberdeen na mabinti. Hilo sijalisamehe. Hata jiwe la kaburi la Balgarnie linajua.

Miaka kadhaa baadaye Phemie alirudi mjini kwa mkutano wa chama, akanisimulia tukiwa tumesimama chini ya picha hii. Bawabu wa Aberdeen alimwangalia toka juu mpaka chini. Akaigeukia kadi ukutani. Akamtazama Balgarnie, akamtazama Soutar, akamtazama Kirsty Yule. Akapitisha kidole polepole juu ya ule ukungu wote, akakisimamisha penye mkono uliofifia juu ya kipara, mkono usio na mwenyewe.

"Wewe humo humu," akasema. "Pita, mama. Jina nani?"

"Nikaona huyu mzee amenitendea haki," Phemie aliniambia. "Nikampa jina langu la kweli."

Mimi sikuwahi kulijua, nikamwomba anitajie. Akalitamka kwa midomo tu, chumba kikiwa kimejaa watu. Ni jina zuri kweli. Siliandiki hapa. Mabawabu bado wapo.